Sala Ndefu Juu ya Mzinga

Woga uliojivika joho la heshima: hilo ndilo kosa langu, nami nalitaja mwanzoni kabisa msije mkadhani ni nyuki walioniaibisha. Mimi, mzee wa kanisa, niliyewafundisha vijana wa hapa kijijini Nuu kwa miaka mingi kwamba ndiyo yao iwe ndiyo, nilisema uongo mbele ya mzinga.

Meneja wa kiwanda chetu cha asali, Bwana Ngui, alikuwa na sheria mbili: asiambiwe hapana, na mtu asiinuke kikaoni kabla yeye hajainuka. (Mwenzetu mmoja alihamishiwa kuosha mitungi kwa kusema “labda”.) Siku wanunuzi wa kutoka Nairobi walipotarajiwa, aliagiza mzinga wa gogo uwekwe mezani katika chumba cha mikutano, uwe pambo. Nilipouinamia, nikasikia muungurumo.

“Musyoka, hii iko tupu, ama?” akauliza Bwana Ngui.

Barua ya kunipandisha cheo niwe msimamizi ilikuwa ofisini kwake, ikingoja sahihi yake tu.

“Iko tupu, mkuu.”

“Na hiyo sauti?”

“Ni friji, mkuu.” (Friji ilikuwa imeharibika tangu Krismasi, na sote tulijua, yeye akiwemo.)

“Nilijua ni friji,” akasema.

Wageni wanne wakaketi, jua likapasha bati, muungurumo ukakua, na Bwana Ngui akaniamuru nifungue kifuniko niwaonyeshe jinsi babu zetu walivyorina asali. Kusema ukweli kungeninyima cheo, kufungua kungeniharibu uso, basi nikashika njia ya tatu, ya kinafiki kuliko zote: nikapendekeza tuanze kwa sala. Nikawaombea wanunuzi, nikaombea mvua, kaunti ya Kitui, kisha majirani wa Makueni wasije wakaona wivu, barabara, mbuzi, wajane, na nilipofika kwa wasafiri wa baharini (bahari gani, hapa Nuu?) nikahisi miguu midogo ikitembea sikioni mwangu.

Nikafumbua jicho moja. Nyuki walikuwa wakitoka wenyewe kwenye tundu lao, na wafanyakazi kumi na wawili wameketi kimya, nyuki mashavuni, wakimtazama meneja kama atainuka. Naye hakuinuka, kwa maana aliyekubali kwamba mzinga ni mtupu atasema anakimbia nini?

“Endelea na maombi,” akaninong'oneza, mdomo ukiwa umeanza kuvimba.

Hapo mpishi wetu, Kalekye, akaingia na sinia la chai, akatutazama mmoja mmoja.

“Nyinyi watu, mbona mnakaa na nyuki hivi?”

“Hakuna nyuki hapa,” akasema Bwana Ngui.

“Sawa, mkuu. Na huyo amekaa kwa pua yako, ni mgeni wa Nairobi?”

Mgeni mmoja akacheka, na kicheko chake kikawa ruhusa. Wote wakakimbilia mlango. Mimi, kwa hekima yangu, nikachagua dirisha, nikakwama kiunoni, kichwa kikiwa nje na ile sehemu nyingine ikibaki ndani kuwaaga wageni. Nyuki hawakuidharau. Mpishi akarudi peke yake na kipande cha gunia kinachofuka moshi, akawafukiza, akanishika miguu, akavuta.

“Polepole, mzee. Amina ulisema, ama bado?”

Nje, mkubwa wa wanunuzi akauliza ni nani aliyejua. Bwana Ngui akaninyooshea kidole: “Huyu aliniambia ni friji.”

Wenzangu wakatazama chini. Ningeweza kuanza sala nyingine.

“Nilijua,” nikasema. “Niliwasikia nyuki kabla hamjafika, nikaogopa.”

Barua ilichanwa mchana huohuo, na Jumapili mbili nzima nilifundisha nikiwa nimesimama, si kwa bidii. Nimeapa kwamba nikiulizwa tena nimesikia nini, nitataja nilichosikia, hata kama anayeuliza ndiye mwenye kalamu ya sahihi. Wanunuzi waliahidi kurudi, ila wakasema wakiwa na maswali hawatapitia kwa meneja wala kwa mzee wa kanisa. Watakwenda moja kwa moja jikoni, kwa Kalekye.