Mgonjwa Aliyekubali Kila Kitu

Hivi wewe, ukilazwa hospitali, utathubutu kumwambia nesi hapana?

Usinijibu haraka. Mimi nina shahada, nina mdomo, chuoni nimeongoza mgomo, na bado nilipolazwa na mguu wa plasta nikawa mpole kama maji ya mtungini. Wodi ya wanaume inafundisha adabu upesi: mgonjwa mbishi huhudumiwa mwisho. Humo hakuna baba wala mjomba. Wewe ni Kitanda cha Nne, basi. Jambo hilo linanikera mpaka leo.

Dada yangu mkubwa, mwanafunzi wa uuguzi, akaletwa wodini kwetu kwa mafunzo. Utani haumtoki, hata msibani wazee hutuketisha mbalimbali, tusije tukacheka. Alikuwa ameshafeli mtihani wa kutoa dawa. Kesho yake asubuhi angeurudia mbele ya mwalimu, na akifeli tena, chuo ndiyo basi.

Jioni hiyo akaja na trei, nesi wa zamu akimtazama kutoka mlangoni. Dada alikuwa akinong'ona: mgonjwa sahihi, dawa sahihi, kipimo sahihi, njia sahihi, wakati sahihi. Akasoma kadi ya Kitanda cha Tano, akachukua sindano ya insulini.

Kadi ilikuwa ya muuza nyama, mgonjwa wa sukari. Aliyelala pale alikuwa fundi saa, aliyepasuliwa ngiri. Mchana walibadilishana vitanda maana fundi alitaka mwanga wa dirishani, kadi zikabaki zilipokuwa. Muuza nyama mwenyewe alikuwa msalani. Fundi angechomwa sindano ile, sukari yake ingeshuka mpaka azimie, au asiamke kabisa.

"Baba, ndiye wewe?" Dada akataja jina la muuza nyama.

"Ndiyo, binti yangu." Tena akakunja mkono wa shati.

Nikafungua mdomo nipige kelele, dada akaniwahi. "Chakula umeshapata?"

"Ndiyo."

Toroli la chakula tulilisikia wote, ndiyo kwanza linalia magurudumu kule kwenye korido. Dada akairudisha sindano kwenye trei, akamkazia macho.

"Na mimba, baba, inaendelea vizuri?"

"Vizuri tu, binti yangu. Asante."

Wodi nzima ikavunjika mbavu. Jirani yangu mwenye mshono tumboni akaomba tumhurumie.

"Sasa mbona unakubali jina la mwenzio?" dada akamuuliza.

"Wewe ndiye nesi. Nikibisha si utaniruka?"

Damu ilinichemka. Mzee mzima nusura auawe na heshima zake.

"Kosa ni langu," dada akasema. "Jibu nimekutilia mdomoni. Kuanzia leo sikutajii jina, utalitaja wewe. Na ukinibishia, nakuhudumia wa kwanza."

Nesi wa zamu akazipanga kadi upya. Mimi nikashika magongo, nikapita kitanda kwa kitanda nikihubiri: kesho kila mtu ataje jina lake, na aulize dawa anayopewa, ni haki yake. Dada akaniita mwanaharakati wa plasta.

Asubuhi mwalimu aliingia na koti jeupe, bila salamu. Dada akaanza na muuza nyama. "Niambie jina lako kamili."

Muuza nyama akataja lake, la baba yake, la babu yake, kisha akaeleza bucha lake lilipo na kwamba nyama yake hailali. Mwalimu akatazama saa.

"Mwanafunzi, muulize tu kama ndiye, twende."

Dada akamgeukia. "Hapana, mwalimu. Nikimuuliza hivyo atakubali."

Mwalimu akaandika kitu. Wakahamia kwa fundi saa, ambaye alitaja jina lake kabla hajaulizwa, akauliza kidonge ni cha nini, akaambiwa ni cha maumivu, akakimeza.

"Umefaulu," mwalimu akamwambia dada kwa shingo upande. "Ila una mdomo."

Fundi akafuta midomo, akamgeukia. "Na wewe, mwalimu, unaitwa nani?"

Mwalimu akakohoa, akataja majina yake yote matatu, na fundi akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Haya," akasema. "Sasa unaweza kusimama hapo."