Kutwa Nzima Nimemzungusha Kungwi

Shangazi yangu alitua Toronto kutoka Tanga na sanduku linalonukia udi. Alikuja kwa kazi moja: kumfunda binti yangu, aliyekuwa anaolewa. Shangazi ni kungwi. Hakuna bibi harusi wa mtaa wetu kule Tanga ambaye hakupita mikononi mwake, mimi nikiwemo. Tatizo ni kwamba binti yangu alikuwa hataki. Aliniambia kwa Kiingereza, lugha anayonijibia tangu aanze shule, kuwa mambo ya chumbani hafundishwi na mtu, asante. Nami nikajitia ushujaa: "Niachie mimi. Shangazi nitamwambia mwenyewe."

Wiki ikapita, mdomo mzito. Zikabaki siku chache harusi ya Jumamosi ifike. Ndipo nikapanga matembezi: mchana bandarini, jioni baleti, ile ngoma ya Kizungu ya kuchezea ncha za vidole. Nilijiambia nikishamfurahisha nitalitoa.

Tukapanda treni kutoka Weston, tunakoishi. Kwenye ule mnara mrefu wa mjini alikataa katakata kupanda. "Juzi tu nimeshuka kwenye ndege, nipande tena kutafuta nini?" Haya. Tukateremka ukingoni mwa ziwa. Kabla sijamzuia alishainama, akachota maji kwa kiganja, akaonja, akatema. "Bahari gani haina chumvi? Mmepunjwa!"

Kwenye kivuko cha kwenda visiwani upepo ulitaka kuondoka na ushungi wake. Nikasema moyoni, hapa hapa. "Shangazi, kuhusu Jumamosi..."

"Wale mabata wakubwa ni wa nani?"

Nikamwambia ni mabata bukini, hawana mwenyewe.

"Na hamuwali?" Akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli. "Nchi ina shibe hii." Kisha akaanza kunieleza namna ya kuwapika kwa nazi, na mimi mwoga nikashukuru Mungu, tukazungumza mabata mpaka jioni.

Ukumbini aliingia na kanga juu ya koti, akakaa kama amealikwa na mwenye nyumba. Pazia likafunguka, akaruka kijana mmoja wa kiume, amebanwa na kitu cheupe kisichoficha siri yoyote.

"Astaghfirullah," shangazi akanong'ona, mnong'ono wa kusikika hadi nyuma. "Huyu suruali kaiacha wapi?" Halafu akaniomba miwani yangu.

Mapumziko yalipofika alikuwa na hukumu tayari. "Miguu wanayo, mikono wanayo. Kiuno wamekiweka rehani." Akanionyesha kiuno kinavyotakiwa kwenda, palepale kwenye foleni ya choo. Mama mmoja mwenye lulu shingoni akasogea kumpisha. "Ila yule binti anayecheza mbele kafundwa. Kuna mwanamke alikaa naye, akamvumilia. Inaonekana."

Nikaona nisiposema sasa, basi tena. "Shangazi, mtoto hataki kufundwa."

"Najua."

"Unajua?"

"Kaniambia siku niliyofika, wewe umeingia kuoga. Kwa Kiswahili."

Kiswahili! Mimi mama yake sijakisikia kinywani mwake tangu ang'oke meno ya utoto.

"Kasema, 'Bibi, mimi sitaki kufundwa. Lakini asubuhi ya harusi nataka wewe ukae na mimi.' Kimepinda kidogo, lakini kanitazama usoni. Iliniuma, sikufichi. Nililia usiku ule. Mtu nimebeba udi wote ule! Asubuhi nikaamka, nikaona kaniheshimu."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa nangoja uniambie wewe. Wiki nzima nangoja! Umenigandisha ziwani, umenileta kutazama watu nusu uchi, yote hayo unaogopa neno moja dogo ambalo mtoto wako kalisema kasimama jikoni." Akaninyooshea kidole, kile kile alichoninyooshea nilipokuwa mwali wake. "Yule yuko tayari kuolewa. Wewe ndiye niliyekufunda vibaya."

Kengele ya kurudi ndani ikalia. Nilikuwa nimesimama katikati ya watu wenye suti, nacheka huku machozi yananitiririka, aibu tupu. Shangazi akaniangalia, akashusha kidole, akanifuta uso kwa pindo la kanga yake.

"Haya, nyamaza," akasema. "Twende, yule asiye na suruali anarudi."