Sikio la Fundi wa Karasha

Kaka yangu husaga mawe ya dhahabu Segese, na kwa miaka mingi hakuhitaji kufungua pipa la karasha, ile mashine ya kusagia, ili ajue kama jiwe limeiva. Alisimama kando, ameinamisha kichwa, sikio la kushoto likielekea mashine, akizisikiliza gololi za chuma zikigongana ndani. Jiwe likiwa bado na punje, zilipiga makelele ya kukwaruza mifupa. Likishakuwa unga, mlio ulizama, ukawa mzito. Hapo alizima mota. Mafundi wengine walizima kila mara, wakafungua kifuniko na kubana unga kwa vidole. Aliwacheka. "Wanapapasa," alisema.

Siku niliyofika kutoka Shinyanga nilimwamkia mara tatu. Kimya. Mkewe alikuwa akichagua mchele. Akasema bila kuinua uso:

"Zunguka kulia, shemeji. Huko ulikosimama duka limefungwa."

Nikazunguka. "Shikamoo, kaka."

"Marahaba! Umeingia saa ngapi?"

Nyumba nzima ilikuwa imechoka. Mke alichoka kupaza sauti, watoto walichoka kurudia, naye alichoka kukisia, akicheka tu pale wenzake walipocheka. Kesho yake nikampeleka zahanati. Mhudumu akamsogelea upande wa kulia.

"Lililokwenda halirudi, baba. Linda hili lililobaki."

Akampa vizibo viwili vya sponji, akamwonyesha namna ya kukisokota kizibo kiwe chembamba, kulivuta sikio juu, kukisukuma ndani na kukishikilia mpaka kitanuke.

Asubuhi iliyofuata nilimfuata kazini. Vumbi jeupe lilikuwa limemkaa hadi kwenye kope. Kizibo kimoja kilikuwa kwenye sikio la kushoto. Cha pili kilikuwa mfukoni.

"Kaka, umeziba lililokufa!" nilipiga kelele.

"Hili la kulia ndilo la kazi sasa! Nikiliziba, jiwe nitalijuaje?"

Sikuwa na nguvu ya kubishana na ile mashine. Nikakaa juu ya kiroba cha mawe, meno yakitetemeka kinywani.

Mchana shemeji alileta ugali. Mota ilikuwa imezimwa. Akasimama upande wa kulia, ule mzuri, akasema neno.

"Nini?"

Akarudia.

"Nini, mama?"

Akamtazama, akaweka bakuli chini, akaondoka. Hakurudia mara ya tatu.

Kaka hakula. Alimtazama mkewe mpaka akapotea nyuma ya marundo ya mchanga. Kisha akanigeukia.

"Alisema nini?"

"Mboga haina chumvi. Uongeze mwenyewe."

"Hilo tu?"

"Hilo tu."

Akalishika bakuli muda mrefu, kana kwamba hilo tu lilikuwa zito kuliko alivyoweza kubeba. Alipomaliza kula alinawa, akajifuta mikono vizuri, akatoa kizibo mfukoni. Akakisokota polepole, akalivuta sikio la kulia juu, akakishikilia ndani, macho yamefumbwa. Ndipo akawasha mota.

Baadaye akaizima, akafungua kifuniko, akabana unga kwa vidole viwili. Bado. Akafunga, akawasha tena. Akazima tena, akafungua.

Mwenye mawe, mzee aliyemleta kaka kwenye kazi hiyo, aliangua kicheko. "Ng'wanawane! Mwanangu, siku hizi na wewe unapapasa?"

Kaka hakugeuka. Alikuwa akiusugua unga kati ya vidole, taratibu, kama mtu anayejifunza.

Sikumfikishia maneno ya mzee.