Aliyeshindwa Ndiye Anayeandika Barua

Kilichoninyima usingizi ni swali hili: je, nakataa kwa sababu ya ukweli, au kwa ubishi tu? Nilikuwa nimetoka chuo kikuu mwaka huohuo, mwalimu mpya Ujiji, bado sijathibitishwa kazini. Mtu wa aina yangu huweza kuitafakari salamu ya asubuhi mpaka akaiona ni tishio.

Chama chetu cha mdahalo kilikutana Jumamosi katika darasa moja pale Kasingirima, mtaa wa Ujiji. Wenzetu wa Tabora walitutumia hoja, tukaijadili, tukawajibu kwa barua iliyokwenda na treni. Mwalimu aliyekianzisha chama aliwahi kusoma habari za wanafunzi wa karne iliyopita, huko Ulaya, waliobishana kwa barua, chuo kwa chuo. Kutoka kwao alituletea sheria moja ambayo hatukuwahi kuivunja: aliyeshindwa ndiye anayeandika barua. Na hoja za mshindi aziandike kwa nguvu ileile iliyomwangusha.

Mwaka ule watu walikuwa wakihamishiwa kwenye vijiji vya Ujamaa. Hoja ya Tabora ilisema hata wavuvi wahamie vijiji vya barabarani, mbali na ziwa. Mimi niliitetea, na niliitetea kwa moyo: watu waliotawanyika kando ya maji hawafikiwi na shule wala zahanati. Aliyenipinga alikuwa mwalimu mwenzangu, binti wa familia iliyovuka kutoka Kongo zamani na kufanya maskani Ilagala.

"Ndugu yangu msomi," alisema, "wewe dagaa umewajua sahanini. Wanavuliwa usiku kwa taa, na kukicha lazima waanikwe. Sasa mvuvi wako atapanda basi na nyavu begani, avue, kisha arudi kwako kulala? Au ziwa nalo utalihamisha?"

Darasa zima likaangua kicheko. Hata mimi nilicheka. Kura zilipopigwa, nikaanguka vibaya.

Jumatatu katibu kata akaniita ofisini kwake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Nasikia ulizungumza vizuri sana."

"Nilishindwa, mzee."

"Ndiyo maana nimekuita. Barua unaandika wewe, sivyo? Basi andika kwamba hoja ilipita. Tabora watajuaje?"

"Na waliopiga kura?"

"Hao hawaandiki barua." Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Taarifa ya kukuthibitisha kazini itapita mezani hapa. Barua yako niletee niione kabla hujaituma."

Wiki nzima nilijitetea na kujishtaki. Nilijiambia ni karatasi tu. Nikajiambia kwamba kwa kusema uongo ningekuwa nasema kile ninachokiamini, kwa hiyo labda si uongo. Niliona hata mimi kwamba hapo nimefika pabaya.

Yule mwalimu mwenzangu aliyenishinda alinikuta nje ya darasa. "Vipi, kaka, barua bado? Unasubiri ziwa lihame?"

Nikamweleza. Hakushtuka. "Wakikufukuza, njoo ufukweni Kibirizi uanike dagaa. Ila kwa mikono hiyo laini, kunguru watakuzoea upesi."

"Nawe ungefanyaje?"

"Mimi nilishinda. Kuandika si zamu yangu."

Jibu lile liliniudhi, halafu likanisimamisha wima. Kama Ujamaa niliouamini haukuweza kustahimili kura ya darasa moja la Ujiji, Jumamosi inayofuata ningeutetea kwa uso gani? Nami nilikuwa nimeshindwa mbele ya watu, kwa haki. Hakuna ofisi iliyokuwa na ruhusa ya kuninyang'anya kushindwa kwangu.

Nikakaa nikaandika. Nyavu, taa, basi, dagaa wanaooza wakikosa jua: vyote niliviweka, na mahali alipokuwa amesahau jambo nikamwongezea. Mwishoni nikaandika kwamba hoja imekataliwa, nikatia sahihi. Kisha nikanakili yote upya. Barua yenyewe niliipeleka posta Kigoma, nikabandika stempu na kuitumbukiza sandukuni. Nakala nikaenda nayo kwa katibu kata.

"Umeileta?" akauliza, akinyoosha mkono.

Sikumpa. Mlango ulikuwa wazi, na nje watu walikaa kwenye benchi wakingoja zamu zao.

"Hii ni nakala, mzee. Yenyewe nimeshaituma. Ulitaka kuiona, nami nitakusomea."

Nikaisoma yote, kwa sauti ya mdahalo.