Tangu Lini Unanionjea

Kwetu Kamuli, rubisi, pombe yetu ya ndizi, haimfikii mgeni kabla mwenye nyumba hajaonja. Anamimina, anapiga funda moja mbele ya macho ya wote, anameza, ndipo anampa mgeni. Ukiuliza sababu utaambiwa ni adabu tu. Nilipokuwa mdogo niliuliza mara nyingi mpaka bibi akachoka, akaniambia ukweli: mwenye nyumba anaonyesha kwamba hakuweka sumu. Niliona ni adabu ya ajabu, inayoanza kwa kudhani kwamba jirani yako anaweza kukuua.

Mtu mmoja tu hakuonjewa nyumbani kwetu. Namwita baba mdogo ingawa hatuna damu moja. Kibanja chake cha migomba kinapakana na chetu, na penye mpaka kuna mibuni michache ambayo hakuna aliyewahi kusema ni ya nani, huivuna anayewahi. Yeye na baba walibatizwa siku moja, wakapata kipaimara pamoja, wakakata kadi ya chama pamoja. Jumapili baada ya misa walikaa nyuma ya nyumba, kibuyu kimoja katikati, mrija mmoja. Huyu anavuta, anampa mwenzake, mwenzake anavuta, anarudisha. Kufuta ncha ya mrija kwao kungekuwa tusi, na habari ya kuonjeana haikuwapo kabisa.

Chama chao ni cha watu wasiopenda kuguswa kwa mambo yaliyokwisha kupangwa. Kwa baba hiyo ndiyo sifa nzuri kuliko zote. Alikuwa katibu wa tawi, na baba mdogo mjumbe wake. Waliamini kwamba nchi imesimama kwa sababu kuna watu wanaokaa pale walipowekwa. Mimi nilirudi kutoka chuo kikuu na shahada ya sayansi ya siasa, bila kazi, nikawa nakaa nao na kuwauliza. Kwa nini barabara ya kwetu huahidiwa na yule yule aliyeiahidi mara iliyopita? Kwa nini mnampigia makofi?

Baba mdogo alicheka mpaka mrija ukamtoka mdomoni. "Huyu wamemfundisha kuuliza," alimwambia baba, "kujibu walimwachia mwalimu wa zamu."

Zilipokuja kura za maoni za udiwani, wote wawili walimpigia mwalimu mmoja mstaafu. Nasisitiza hilo kwa sababu baadaye watu walilisahau, pengine hata wenyewe. Mwalimu yule alishinda vizuri. Watu walicheza ngoma barabarani. Kisha majina yakaenda juu kwenye vikao, na yaliporudi, la mwalimu lilikuwa limekatwa. Alirudishwa diwani aliyekuwapo, yule wa barabara. Sababu hatukupewa.

Siku hiyo baba mdogo alikuja akiwa amevaa shati la chama, jembe bado begani.

"Umesikia?"

"Nimesikia. Kikao kimeamua."

"Kimeamua nini ambacho sisi hatukuamua?"

"Mwenzangu, chama ni vikao."

"Chama ni wanachama. Wewe ndiye uliyeniambia hivyo siku tunakata kadi, mimi nilikuwa nataka kwenda kunywa."

Baba hakucheka. Alisema kwamba mtu hachagui amri za kutii. Baba mdogo alisema kwamba yeye ndiye anayetii, anatii chama cha zamani, na kama chama kimehama basi kirudi kimkute alipo. Nilikaa pembeni nikijaribu kuona wametofautiana wapi. Wote walimtaka mwalimu, wote walimdharau diwani, na hakuna kati yao aliyetaka kitu chochote kipya duniani. Niliwaambia hivyo. Walinigeukia kwa hasira moja, na hiyo ndiyo mara ya mwisho niliyowaona wakikubaliana.

Ndani ya wiki chache kata nzima ilikuwa imegawanyika. Wakubwa wa chama na waliowafuata wakawa watu wa vikao. Wachache waliogoma walijiita wenye chama, ila wenzao waliwaita makapi, yale maganda yanayopeperushwa kahawa ikishakobolewa. Hakuna kapi hata mmoja aliyehamia upinzani. Nilimuuliza baba mdogo kwa nini asihame, akanitazama kama nimemtukana. "Nihamie huko, halafu nyumbani kwangu niingie kwa mlango gani? Mke wangu atanifukuza na fagio." Walibaki ndani ya chama, wakiimba nyimbo zile zile kwenye mikutano, wakisimama upande wa jua kwa sababu kivulini hawakukaribishwa.

Baba aliagizwa awaondoe makapi kwenye kundi la simu la kata. Hakujua namna, akaniletea simu, kidole kwenye jina la baba mdogo.

"Mtoe huyu."

"Amefanya nini?"

"Nimekuomba umtoe, sijakuomba maswali."

Nilimrudishia simu. Akavaa miwani, akahangaika, hatimaye akambonyeza mwenyewe. Kuanzia hapo baba mdogo, wakikutana njiani, alimwita "ndugu katibu".

Kisha ukaja ule uvumi. Kapi mmoja aliugua tumbo baada ya kula kwenye kikao cha usuluhishi kilichofanyika Omurushaka. Hospitali walisema ni vidonda vya tumbo vya siku nyingi. Mtaani walisema ni pilau ya kikao. Watu wazima, wengine walezi wa kwaya, wakaanza kubeba maji yao ya chupa kwenda msibani. Nilipowauliza ushahidi uko wapi, walinijibu kwamba sumu nzuri haiachi ushahidi, wakaniona nimeshindwa.

Katikati ya mambo hayo dada yangu akachumbiwa na kijana wa Kihanga. Siku wageni wa posa wanapokuja, baba wa binti hasemi. Anakaa kimya kama picha ukutani, na mtu mwingine, aliye kama ndugu yake, anasema kwa niaba yake: anawatania wageni, anawasumbua kidogo, anamsifu binti, anamtoa. Tangu dada alipokuwa mtoto, baba mdogo alikuwa akimwambia, "Siku yako nitasema mpaka wageni waombe maji." Dada alimwambia baba waziwazi kwamba hataki mtu mwingine.

Mama naye alimbana. "Nani atasema? Diwani wako? Wewe siku hiyo huruhusiwi hata kukohoa. Mrudishe mwenzako."

Nikatumwa. Nilimkuta baba mdogo akipogoa migomba.

"Baba mdogo, shikamoo."

"Marahaba. Umetumwa na katibu au na baba yako?"

"Na dada."

Aliweka panga chini. "Basi nakuja. Kesho jioni nije tupange maneno. Mwambie mama yako rubisi iwe imeiva, sitaki maji ya ndizi."

Nilirudi nikikimbia, mtu mzima na shahada yangu. Kesho yake baba alikoga mapema, akavaa shati lisilo la chama. Alikitoa kile kibuyu chenyewe, akakisuuza kwa mikono yake, akatafuta mrija mpya. Sikuwa nimemwona akihangaika hivyo kwa ajili ya mtu yeyote.

Baba mdogo aliingia, wakasalimiana kwa kushikana mikono yote miwili, wakakaa nyuma ya nyumba mahali pao. Mama alikuwa mlangoni, akijifanya anachambua maharage. Baba alikijaza kibuyu, akatia mrija, akainama, akavuta funda moja, akameza. Akakaa kidogo. Kisha akampa mwenzake kibuyu kwa mikono miwili.

Baba mdogo hakupokea. Alikitazama kile kibuyu, akamtazama baba.

"Tangu lini unanionjea?"

"Si… maneno ya watu tu."

"Maneno gani?"

"Unayajua. Yale ya Omurushaka. Nilitaka usiwe na wasiwasi."

"Sikuwa nao," alisema baba mdogo. "Nimekuja hapa na kiu yangu, kwa mwenzangu, nikijua nitanyweshwa kama siku zote. Kumbe wewe umekaa humu ndani ukifikiri kwamba mimi nafikiri unaweza kuniua."

"Mwenzangu, nilikuwa nakutoa hofu."

"Umenipa. Sasa ninayo."

Alisimama polepole, akajipangusa magoti. Mimi aliniaga kwa kutikisa kichwa. Mama alimwaga maharage akamfuata hadi kwenye mibuni ya mpakani, akimsihi kwa neno letu la heshima, "Waitu, mtoto ana kosa gani?" Sikusikia alichojibiwa. Nilimwona mama akirudi peke yake.

Baba alikuwa bado ameshika kibuyu kwa mikono miwili. Nilitaka kumwambia kwamba hakukosea, kwamba alifanya jambo jema. Nikajiuliza kama ni kweli. Bado najiuliza. Ninachojua ni kwamba watu wa vikao na makapi hawakuwepo pale uani. Walikuwapo wazee wawili na kinywaji, na mmoja wao alikuwa ameyabeba maneno yote ya mikutanoni mpaka mahali ambapo hayakuwahi kufika.

Wageni wa Kihanga walikuja siku ya pili yake. Aliyesema kwa niaba yetu ni mwenyekiti wa chama wa kata, kwa kuwa hakupatikana mwingine kwa haraka. Alisimama, akaanza kwa salamu ya chama, na nusu ya wageni wakaitikia kwa mazoea huku wengine wakitazama viatu vyao. Alieleza habari za barabara. Alimsifu dada kwa jina la binti wa jirani, akasahihishwa, akalirudia lile lile. Hakuna aliyetaniwa, hakuna aliyeombwa chochote cha kuchekesha. Dada alikuwa amekaa kwenye mkeka ameinamisha kichwa kama inavyotakiwa, lakini mimi nilikuwa karibu naye, na niliona kwamba alichokuwa akitazama chini ya ukaya ni ile mibuni ya mpakani.

Diwani alishinda uchaguzi. Barabara iko kama ilivyokuwa. Makapi wengi wamesamehewa na wanakaa tena kivulini. Baba mdogo hakuomba msamaha, na hakuna aliyemfuata kumpa.

Mwezi uliopita nilienda kumsalimu. Alinibeba mgongoni nilipokuwa sijui kutembea, na alifurahi kuniona, sina shaka. Aliniuliza habari za dada kule Kihanga, akaniuliza kama nimepata kazi, akacheka niliposema bado nauliza. Mkewe alileta rubisi. Baba mdogo akamimina kikombe, akakiinua, akapiga funda moja, akameza. Akasubiri kidogo, nimwone vizuri kwamba yu mzima. Kisha akanipa.