Elba aliyeuza theluji isiyokuwepo

Saa mbili na nusu asubuhi, jua bado halijapanda juu ya mlima, na Elba Painefil ameinama kando ya ziwa akichomeka rula ya mbao kwenye theluji. Anasoma, anafuta miwani kwa skafu, anasoma tena. Sentimita nne. Anapiga picha, gazeti la siku hiyo likiwa kando ya rula.

Simu yake inaita. Ni mwanamume wa mji wa Rosario, anataka kuleta wanawe wiki ijayo, likizo ya Julai.

"Usije, kaka," Elba anamwambia. "Hii iliyopo ni ya kuchafulia viatu tu. Njoo mwisho wa Agosti."

"Agosti watoto wako shule, mama."

"Najua. Basi walete waone ziwa, lakini theluji usiwaahidi."

Simu inakatika.

Elba, mwenye umri wa miaka hamsini na mmoja, amekuwa akiwapangia watu safari za majira ya baridi hapa Puerto Pilmahue, mji mdogo wa milimani huku kusini, kwa miaka kumi na minne. Ofisi yake ni meza ya jikoni. Hapo ndipo anapotafuta basi, chumba, makoti ya kukodi na siku ya kupanda mlimani. Zamani alipokea familia arobaini kwa msimu. Mwaka jana zilikuwa kumi na saba.

Jirani yake, Rubén Salgado, anayekodisha vibao vya kuteleza kwenye theluji, ameingia jikoni bila kubisha hodi, kunywa mate, chai chungu ya majani ya huku.

"Wengine wanapiga picha kuita wateja," ananiambia mimi, mwandishi niliyekuja kuwatembelea, huku akimtazama Elba. "Huyu anapiga za kuwafukuza. Muulize nitakula nini."

"Utakula ulivyokula mwaka jana," Elba anamjibu.

"Mwaka jana nilikula kwako."

Rubén anacheka peke yake. Alipoondoka ndipo Elba alipoinamisha uso na kusema, "Kuna bibi mmoja nilimdanganya. Mume wangu tu ndiye anayejua."

Ilikuwa Juni, miaka mitatu iliyopita. Graciela Ledesma, mshonaji wa Santiago del Estero, kule kaskazini kwenye joto, alimpigia simu. Mama yake, Jacinta, alikuwa na miaka sabini na minane. Macho yake yalikuwa yakififia, na daktari hakumficha kwamba hayatadumu. Kabla hayajazima, bibi alitaka kuona theluji. Graciela aliuliza kama wiki ya kwanza ya Julai itafaa.

Elba alijua haitafaa. Kwa misimu kadhaa theluji ilikuwa ikichelewa hadi Agosti. Lakini vyumba vilikuwa vitupu, na familia hiyo ilikuwa ya watu watano.

"Nilimtumia picha ya ziwa, jeupe kote," anasema. "Ilikuwa ya Agosti ya mwaka uliotangulia. Nikaandika chini yake, 'Tunawasubiri.' Sikusema ni ya leo, lakini sikusema si ya leo. Hivyo ndivyo nilivyojidanganya na mimi."

Walisafiri kwa basi karibu siku mbili. Walikuta mvua na tope. Bibi Jacinta alishuka na koti la kuazima lililomfika miguuni, akamwuliza, "Binti, iko upande gani?"

"Itaanguka kesho, mama," Elba alimjibu.

Alimjibu hivyo siku ya kwanza, ya pili na ya tatu. Siku ya nne aliwakaangia mikate, akaipeleka chumbani kwao. Mkono ukiwa tayari kwenye kitasa, akamsikia mjukuu akiuliza, "Bibi, lile gati la kwenye picha liko wapi? Hapa hakuna gati."

Gati lilikuwa limebomoka miezi minane kabla, baada ya picha kupigwa.

"Maji yamepanda yamelifunika," bibi alisema.

"Mama, huyu mwanamke ametudanganya," Graciela akadakia.

"Nyamaza. Watoto wanampenda. Usiwaharibie."

Elba hakuingia. Aliweka sahani chini, mlangoni, akarudi kwake. Jioni hiyo alimwambia mumewe kichwa kinamuuma, akalala na nguo zake.

Kesho yake, kwenye kituo cha basi, bibi alimshika mkono na kumvuta karibu. "Mikate ilikuwa mizuri," alimnong'oneza. "Nilisikia miguu yako. Ungeingia tu."

"Angenitukana ningepona," Elba anasema. Anakunja kitambaa cha meza, anakikunjua. "Nilishindwa hata kusema samahani. Nilimsaidia kubeba mfuko, basi."

Msimu uliofuata ndipo alipoanza kupima. Lakini barua ya kukiri kosa ilimchukua karibu miaka mitatu. Aliituma Mei mwaka huu, akawaalika tena, mwisho wa Agosti, nyumbani kwake.

Jibu la Graciela lilikuja kwa ujumbe wa sauti kwenye simu. Elba ananisikilizisha akiwa amegeukia dirisha.

"Dada Elba, mama haoni tena, tangu mwaka jana. Nimemsomea barua yako mara mbili. Mimi nilikuwa na maneno yangu ya kukwambia, amenikataza. Anasema tutakuja, mimi na yeye, watoto wako shule. Ila anauliza, theluji ukiikanyaga ina sauti?"

Wiki ya tarehe ishirini na tano Agosti Elba hatapokea mgeni mwingine. Amepanga kwenda mwenyewe hadi mji wa Neuquén kuwapokea wakishuka kwenye basi, amshike bibi mkono hadi ziwani.

Namwuliza alimjibu nini.

"Nimemwambia ina sauti ikiwa kavu," anasema. "Ikiwa ya majimaji, haina. Na kwamba sijui mwaka huu tutapata ipi."