Mama wa Mtoto Mmoja

Watu wakimuuliza mama yule binti yake anasomea nini chuoni, alijibu harakaharaka, kama mtu anayekwepa cheche: maigizo na filamu. Kisha akageuza mazungumzo. Alikuwa mjane, mfuaji wa mashuka hospitalini, na mtaani alijulikana kwa macho yake. Hakuna mgeni aliyeingia wala mlango uliofungwa asijue. Jirani yake wa ukuta mmoja, waliyemwita Redio, hakumhurumia.

"Kwa hiyo mwenzangu, mtoto anasomea kulia? Mbona sisi tunalia bure na vyeti hatupewi?"

Likizo ile binti alirudi nyumbani kimya. Mama akiinua kichwa kutoka kwenye beseni, anakuta macho ya binti yamemganda. Akikohoa, anatazamwa. Akivua viatu, anatazamwa. Alipomuuliza ana nini, akaambiwa hana kitu. Mama akaanza kushuku mimba. Alikaanga samaki makusudi, aone kama mtoto atachefukwa na harufu. Binti akala mpaka kichwa. Alipekua pipa la taka akitafuta vipakiti vya dawa, asipate ila maganda. Redio akamwambia asihangaike, maana neno lenyewe litazaliwa tu.

Jumamosi, mama aliwasha pasi kama kila Jumamosi tangu homa imchukue mwanawe wa kiume, akanyoosha shati la shule la marehemu. Binti alisimama akatazama mpaka kola ikaisha. Mama hakumsemesha. Saa ile hakuwa akisema na mtu.

Kwa hiyo binti aliporudi chuoni na kumpigia simu aende kuona mchezo wake wa mtihani wa mwisho, mama alijua anaitiwa habari mbaya. Alikaa kiti cha mbele, mkoba mapajani, ameubana kama vile umejaa mayai.

Taa zikawaka juu ya meza, pasi na shati. Akaingia mwanamke mwenye mvi za poda, anaegemea nyonga ya kulia kama mtu aliyebeba mashuka mabichi maisha yake yote. Akalowesha kidole mdomoni, akagusa pasi, akaguna. Akaanza na kola, kisha mikono, halafu akafunga vifungo vyote mpaka shingoni. Machozi yalipomjia, akayakohoa.

Mama alihisi amevuliwa nguo mbele za watu. Nyuma yake mtu alivuta kamasi. Kwenye mchezo, mgeni aliingia akamuuliza yule mwanamke ana watoto wangapi.

"Alikuwa mmoja," akajibu binti yake, kwa sauti yake yeye mama.

Makofi yakalipuka. Mwalimu alikuja kumpa mama mkono, akamweleza kuwa kila mwanafunzi aliambiwa achague mtu mmoja amtazame likizo nzima, mpaka aweze kumvaa. Mama akashukuru. Kumbe hakuna mimba, hakuna ugonjwa. Akapata ahueni, na nyuma yake ikaja hasira.

Binti alimkuta kwenye benchi nje ya ukumbi, naye ana poda bado kichwani.

"Umekasirika, mama?"

"Umenichukua vizuri. Hata kikohozi. Lakini umesema uongo mbele za watu. Mimi nilizaa wawili."

Binti alikaa, akajifuta uso kwa kitambaa taratibu.

"Nilimweka, mama, yule mtoto wa pili. Mwalimu mwenyewe alitaka awepo. Nikamjaribu mlangoni, nikamjaribu chini karibu na meza, nikamjaribu kitandani. Kila nilipomweka, ilibidi yule mama amtazame. Na yeye hamtazami. Mchezo ukawa hauendi. Nikamtoa."

Hakulisema kwa uchungu. Alilisema kama fundi anayeeleza kwa nini ubao haukukaa, na hilo ndilo lililomuumiza mama zaidi.

Mama alirudi kwa mawazo katika mwaka ule wa msiba. Akamwona mwanawe wa kiume vizuri, hata kovu la goti. Akamtafuta binti. Alikuwa darasa la tatu, au la nne? Alivaa nini siku ya mazishi? Hakumpata.

"Nywele zako," alisema mwishowe. "Mwaka ule, nani alikuwa akikusuka?"

"Nilinyolewa, mama. Nilikaa mwaka mzima na kichwa kitupu."

"Nani alikunyoa?"

"Mama yake Redio, Mungu amrehemu. Alisema wewe usisumbuliwe."

Yeye aliyeona kila mlango wa mtaa alijaribu kukiona kichwa kile kitupu kikipita chumbani, kikila, kikilala kando yake. Hakikuja.

Wenzake binti walikuwa wakimwita ndani akapige picha na kundi. Akainuka, akamwambia anarudi sasa hivi.

"Nenda," mama alisema. "Nenda, wanakungoja."

Lakini mkono wake ulikuwa umeshika upindo wa lile gauni la mchezo, na haukuachia.